Bomba la chuma limekatikia kwenye elbo: tuchomelee, tung'oe yote, au tutengeneze wenyewe?

Swali:

"Shikamoo fundi. Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga. Aliijenga marehemu baba mwaka 1974, na mabomba yake ni ya chuma tangu siku hiyo. Wiki tatu zilizopita bomba linalopita nje ya ukuta wa jiko kwenda tangini lilianza kutoa unyevu penye elbo, kile kiungio cha kona. Kijana wa mtaani akalifunga tyubu, likatulia siku nne. Akarudi na ile dawa inayokandwa kama udongo, akapaka, nayo ikabanduka. Jumamosi nilikuwa nafagia, ufagio ukaligusa tu, likakatika na shina likabaki ndani ya elbo. Nimefunga koki ya mita, tunachota kwa jirani. Fundi mmoja anasema lichomelewe. Mwingine anataka kung'oa mabomba ya nyumba nzima na bei aliyotaja siiwezi. Asubuhi maji yetu hutoka mekundu kama chai, baadaye yanasafika. Bili ya mwezi uliopita pia imepanda. Kaka yangu ana spana na msumeno wa chuma na yuko tayari kujaribu. Tunaweza kutengeneza wenyewe? Na hayo maji mekundu yanawadhuru watoto?"

Jibu:

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kubeba ndoo. Nianze na majibu mafupi. Ndiyo, kaka yako anaweza kupatengeneza hapo palipokatika, na pakakaa miaka. Hapana, msichomelee. Mabomba ya nyumba nzima hayahitaji kung'olewa wiki hii, ingawa siku yake inakuja na ni vizuri mkaanza kujiandaa. Maji mekundu kwa wekundu wake hayatawadhuru watoto. Kinachonipa wasiwasi ni zile wiki tatu za bomba lililofungwa tyubu, na nitakueleza sababu.

Ila kabla kaka yako hajagusa kitu, kuna jambo la umeme. Asishike vipande viwili vya bomba hilo kwa wakati mmoja, kimoja mkono huu na kingine mkono ule. Nyumba nyingi za miaka hiyo zilifungwa umeme kwa kutumia bomba la maji kuwa erthi. Fundi umeme alibana waya kwenye bomba, na kwa kuwa bomba lenyewe limelala ardhini, umeme wowote uliovuja ulipita humo ukaishia chini. Bomba likiwa zima hakuna anayejua kama linafanya kazi hiyo. Likikatika, upande ulioshikamana na waya unaweza kubaki na umeme unaotafuta njia ya kwenda chini, na mtu akiunganisha pande mbili kwa mikono yake, njia inakuwa mwili wake. Kuzima meni swichi kunasaidia lakini hakutoshi, maana umeme unaweza kuja kwa bomba kutoka nyumba ya jirani. Kwa hiyo zungukeni nyumba yote, mtazame kama kuna waya wa kijani au wa shaba mtupu uliobanwa popote kwenye bomba. Mkiuona, au kama friji, pasi au bomba la bafuni huwa vinawapiga shoti, simameni hapo hapo mumwite fundi umeme. Atapima, na ataifungia nyumba fimbo yake ya erthi. Kama bomba lile ndilo lililokuwa erthi, basi tangu Jumamosi nyumba haina erthi, na hilo haliwezi kungoja hata kama maji yanaweza kungoja.

Sasa tuje kwenye kutu. Ninavyoona, umejilaumu kidogo kwa ule ufagio. Ufagio hauvunji bomba la chuma. Chukua kile kipande kilichokatika, kitazame mwishoni penye mwanga wa kutosha. Utaona sehemu ya nje ya bomba bado ni ya kijivu, pengine na alama za kiwandani, kama bomba zima kabisa. Lakini penye zile hesi, yaani zile nyuzi zilizokatwa ili bomba lijizungushe ndani ya elbo, utakuta weusi na wekundu, na ukuta wa bomba upande mmoja umebaki mwembamba kama ganda la yai. Chungulia ndani: utaona vichuguu vidogo vya kutu vimeota, vingine vimekaribia kukutana katikati. Hilo bomba lilikuwa limeshakatika siku nyingi. Lilikuwa linashikiliwa na kutu yenyewe.

Mtu akiona kutu husema chuma kimezeeka, lakini ungekuwa uzee tu, bomba lingechakaa sawasawa urefu wake wote. Bomba lenu ni chuma kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, sawa na mabati ya paa. Zinki ina tabia nzuri sana: inakubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kilicho chini yake kisiliwe. Hata ukiikwaruza kidogo, zinki ya pembeni hujitoa kukilinda chuma kilichobaki wazi. Ndiyo maana bomba hilo limefika hapa. Lakini siku fundi alipolifunga mwaka 1974, alilikata na kulipiga hesi, na dai, yaani kile kifaa cha kukatia nyuzi za hesi, inakata zinki yote na chuma pamoja nayo. Bomba la nusu inchi la uzito wa kati lina ukuta wa milimita 2.6 hivi. Hesi inachimba zaidi kidogo ya milimita 1. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, penye kila kiungio palibaki chuma cha milimita 1.5 hivi, kisicho na zinki, na hapo ndipo maji hukwama kwenye mianya na uzito wa bomba hukaa. Mahali pembamba kuliko pote ndipo palipokosa ulinzi. Nimekata mamia ya mabomba ya namna hii, na mara nyingi mno ugonjwa huanzia kwenye hesi.

Kwa Tanga kuna mengine mawili. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Na kama mchanga wa plasta ulichotwa pwani, bomba lililozikwa ukutani linalala kwenye chumvi usiku na mchana. La pili ni mgawo. Maji yakikatika, bomba hubaki nusu maji nusu hewa, na kutu inahitaji vyote viwili. Bomba linalojaa na kukauka mara nyingi kwa wiki huoza haraka kuliko lililojaa maji muda wote.

Ukishalielewa hili utaona kwa nini tyubu na ile dawa hazikushika. Wala simlaumu yule kijana. Tyubu iliyokatwa ukanda mwembamba na kuvutwa kwa nguvu, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia, ni msaada mzuri wa usiku mmoja, na mimi mwenyewe ninayo kwenye mkoba. Dawa ya kukanda nayo inashika kweli, ila kwenye chuma kikavu kilichosuguliwa mpaka kikang'aa. Yenu ilipakwa juu ya kutu yenye unyevu, na kutu ni magamba. Dawa ilishika gamba, gamba likaachana na bomba. Hata ingeshika, ilikuwa juu ya ngozi wakati mfupa wa ndani umekwisha.

Hapo ndipo lilipo neno langu kubwa kwako: msitengeneze penye tundu, tafuteni chuma kizima. Pale maji yanapotoka ni mahali ugonjwa ulipojitokeza, na mipaka yake iko mbali zaidi, huku na huku. Mkikata na kuunga kabla hamjaufikia mpaka, mtaunga chuma kipya na chuma kilichokwisha, na baada ya miezi michache itavuja sentimita tano kando.

Kuchomelea ndiyo njia mbaya kuliko zote hapo, na nasema hivi ingawa nina marafiki wachomeleaji hodari. Ukuta wa unene wa ganda la yai hauchomelewi. Moto unautoboa, na tundu la upana wa msumari linakuwa la upana wa kidole. Hata mkipata chuma cha kushika, moto wa kuchomelea unazidi mbali kiwango ambacho zinki huchemka, nacho ni kama nyuzi joto 907. Zinki inaondoka ndani na nje, mnabaki na chuma kitupu kinachoanza kuoza upya kikiwa na maji tumboni. Halafu kuna moshi wake mweupe. Anayeuvuta anaweza kujisikia salama mchana, jioni akapata homa, baridi na maumivu ya mwili kama mwenye malaria. Kwa kawaida inapita baada ya siku moja au mbili, lakini jikoni penye watoto si mahali pake.

Sasa watoto. Wekundu wa asubuhi ni chuma. Maji yaliyolala bombani usiku kucha huchukua kutu kutoka kwenye vile vichuguu, na ukifungua koki ya kwanza ndiyo hutoka nayo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha chuma katika maji ya kunywa kwa sababu ya afya, kwa kuwa kwa viwango vinavyopatikana kwa kawaida kwenye maji tatizo lake ni ladha, rangi, na madoa kwenye nguo nyeupe, ambayo huanza kuonekana chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita. Basi yale ya kwanza asubuhi yachoteni kwenye ndoo ya kudekia au kumwagia maua, na ya kunywa myachukue yakishasafika. Msifulie sare za shule na yale mekundu.

Lililonitia hofu ni hili. Bomba linapovuja na lina msukumo, maji yanatoka nje na hakuna kinachoingia. Siku ya mgawo, msukumo ukiisha, maji yaliyomo huteremka kuelekea mahali pa chini, na yakiteremka yanavuta nyuma yake, kama unavyovuta soda kwa mrija. Kama pale penye tyubu palikuwa na dimbwi, maji ya kuoshea vyombo, au udongo uliolowa karibu na karo, basi uchafu huo ulivutwa ndani na siku maji yaliporudi ukapelekwa tangini. Hayo hayatakuwa na rangi nyekundu, yanaweza kuonekana safi kabisa. Kwa hiyo tangi limwageni, lisuguliwe, na maji ya kunywa yachemsheni, kama inavyotakiwa hata siku za kawaida. Mtoto akiharisha, msingoje mpaka bomba litengenezwe, mpelekeni zahanati.

Haya, kazi yenyewe. Koki ya mita imeshafungwa, vizuri. Bomba liko nje ya ukuta, linaonekana, na hiyo ni bahati. Kaka yako aanze kwa kulipima bomba kabla hajafungua chochote. Apitishe tupa kwenye ngozi yake kila baada ya shibiri mbili: chuma kizima hung'aa fedha mara moja, kilichokwisha hutoa unga wa kahawia na tupa inazama. Penye mashaka abonyeze na ncha ya bisibisi. Halafu akate sentimita 15 kutoka pale lilipokatikia, autazame mduara wa mkato. Ukiwa na unene ule ule kuzunguka pote na rangi ya fedha, amefika. Ukiwa mnene huku na mwembamba kule, akate tena mbele. Akifika mita moja bado haujawa sawa, aache kutafuta. Kipande chote mpaka kiungio kinachofuata kiondoke.

Kuna jambo la hesi ambalo limewapotezea muda mafundi wengi wa nyumbani. Hesi zote zinakazwa kwa kuzungusha kulia. Bomba lililoshikwa pande mbili na viungio visivyosogea haliwezi kufunguliwa zima wala kufungwa zima, maana ukikaza upande mmoja unalegeza wa pili. Lazima likatwe katikati, kila nusu ifunguliwe kwa upande wake. Na siku ya kurudisha, katikati panawekwa yunioni, kile kiungio cha vipande vitatu chenye nati kubwa, kinachojiunga bila kuzungusha bomba. Anayekuuzia bomba na soketi bila kutaja yunioni hajakuuliza linakwenda wapi.

Wakati wa kufungua atumie spana mbili za bomba, kila mara. Moja inashika kiungio kinachobaki, ya pili inazungusha kinachotoka. Akitumia moja tu, nguvu inasafiri bombani mpaka kwenye hesi iliyooza ndani ya ukuta, nayo inakatika kule msikokuona. Hapo ndipo kazi ya saa mbili inapogeuka kuwa kazi ya kubomoa ukuta. Kikikataa, agonge elbo kwa nyundo ndogo kuzunguka, atie mafuta ya kulegeza kutu, aache usiku mzima. Akishatia mafuta asilete moto hapo. Kikikataa tena, asishindane nacho. Akate nyuma yake.

Lile shina lililobaki ndani ya elbo halitoki kwa spana, na kuna namna yake. Achukue wembe wa msumeno wa chuma peke yake, bila fremu, auzungushie kitambaa upande wa kushika. Auingize ndani ya shina na kukata kutoka ndani kwenda nje, taratibu, ufa mmoja, halafu wa pili karibu nao, upana wa nusu kidole. Shina ni la kahawia; pale anapoanza kuona ncha za hesi za elbo zikimetameta kwenye ufa, aache, asije akazikata. Kisha kwa tindo nyembamba agonge kile kipande kilicho katikati ya nyufa mbili, kikunjikie ndani. Shina likishapoteza kipande, linalegea lote, na koleo linalitoa kwa kuzungusha kushoto. Asafishe hesi kwa brashi ya waya, azitazame. Ikiwa zimelika, elbo nayo itoke. Kwa kweli elbo ya mwaka 1974 ikitoka bila ubishi, mimi ningeibadilisha tu, ni kifaa cha bei ndogo.

Kuhusu kurudisha na nini, hapa sitakuficha ninachopendelea. Chuma kipya cha zinki ni kigumu, hakiogopi jua wala teke, na duka la vifaa vya ujenzi litakukatia kwa kipimo na kukupigia hesi. Lakini mtakuwa mmerudi kwenye hesi zisizo na zinki, kwa upepo ule ule wa bahari. Plastiki nyeupe ya gundi ni rahisi, ila jua huifanya ikauke na kupasuka. PPR, yaani bomba la plastiki linaloyeyushwa kidogo ili liungane, ni nzuri mno ndani ya nyumba, lakini inaungwa kwa mashine ya joto ya nyuzi 260 hivi ambayo kaka yako hana, nayo haipendi kuanikwa juani bila kufunikwa. Kwa mstari wa nje unaokwenda tangini, ningetumia lile bomba jeusi la plastiki linalouzwa kwa roli, pamoja na viungio vyake vya kukaza kwa mkono. Weusi wake ndio unaolikinga na jua, halina kutu, na halihitaji hesi isipokuwa pale mwisho linapokutana na chuma. La milimita 20 huendana na hesi ya nusu inchi, la milimita 25 na ya robo tatu. Pimeni kipenyo cha zamani kabla ya kwenda dukani, au bebeni kile kipande kilichokatika.

Pale plastiki inapokutana na chuma pana sheria moja: hesi ya nje ya plastiki iingie ndani ya chuma, isiwe hesi ya nje ya chuma kuingia ndani ya plastiki. Chuma kinapoingia kwenye plastiki kinaitanua kama kabari, na itapasuka, kama si leo basi usiku wa manane. Kama hamna njia nyingine, tafuteni kiungio cha plastiki chenye shaba ndani. Na msiache bomba zito la chuma lining'inie kwenye plastiki. Kila upande wa maungio uwekewe kibano chake cha ukutani.

Hesi zizungushiwe tepu nyeupe au katani. Hapo Tanga, mji wa mkonge, katani haina haja ya kutafutwa mbali, na kwa hesi za zamani zilizochubuka kidogo naiamini kuliko tepu kwa sababu inavimba ikilowa na kujaza mianya. Mizunguko ielekee upande hesi inakoingilia: ukielekeza mdomo wa bomba usoni kwako, zungusha kama mshale wa saa. Ukikosea upande, inajikunja na kutoka wakati wa kukaza. Tepu nyembamba inataka mizunguko kumi hadi kumi na tano kwa nusu inchi. Katani ni nyuzi chache tu zilizochambuliwa vizuri na kupakwa dawa ya maungio iliyoruhusiwa kwa maji ya kunywa. Kama kuna kopo la zamani stoo la rangi nyekundu yenye madini ya risasi, ambayo mafundi wa zamani walikuwa wakipaka kwenye katani, lisiguse bomba hilo kabisa. Risasi ni sumu kwa watoto, na hiyo haionekani wala haina ladha.

Sasa huyo fundi anayetaka kung'oa yote. Hajasema uongo. Bomba lililofungwa siku moja na mengine, kwa mkono mmoja, likifika mwisho wake, yale mengine hayako mbali. Nisilolikubali ni haraka. Kabla ya kumlipa mtu, pimeni wenyewe. Maji yakirudi, jazeni ndoo ya lita 20 kwenye kila koki na mhesabu dakika. Koki moja ikiwa dhaifu na nyingine zina nguvu, ugonjwa uko kwenye tawi lake. Zote zikiwa dhaifu wakati koki iliyo karibu na mita ina nguvu, shina kuu ndilo limejaa vichuguu. Tundu la bomba la nusu inchi lina upana wa milimita 16 hivi. Likisongwa mpaka nane, nafasi ya maji inabaki robo, si nusu kama macho yanavyodanganya. Tazameni pia kuta: plasta inayovimba au rangi inayobabuka kwa mstari mnyoofu inafuata bomba lililo ndani.

Kama ni mimi, ningebadilisha kwa awamu kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwanza mstari kutoka mita hadi tangini, halafu tangi kwenda jikoni na bafuni, na mabomba mapya yapite nje ya ukuta badala ya kubomoa plasta. Yale ya zamani ya ndani yafungwe plagi na kuachwa humo humo. Mnaokoa fedha za kubomoa na kupiga plasta, ambazo mara nyingi ni kubwa kuliko za mabomba. Ila mkiondoa chuma chochote, rudieni lile la umeme: plastiki haipitishi umeme, na nyumba iliyoegemea bomba kwa erthi haitakuwa nayo tena.

Mwiteni fundi wa mabomba, asijaribu kaka yako, kama elbo inayofuata imezikwa ukutani, kama mkifungua mnaona kila mnachogusa kinakatika, au kama bomba linapanda kwenda kwenye hita ya maji moto. Na lolote lililo kabla ya mita, pamoja na mita yenyewe, ni mali ya mamlaka ya maji. Kama koki yao haifungi sawasawa, wapigieni wao waje. Msikate hapo hata kama ni usiku na maji yanamwagika.

Siku ya kufungua, koki ya mita ifunguliwe robo tu, polepole, huku koki ya mwisho ya nyumba ikiwa wazi ili hewa itoke. Maji ya kwanza yatakuwa mekundu mno kwa sababu kugongagonga kumetikisa kutu, yasiingie tangini. Fungueni vichujio vya koki mvisafishe, magamba yatakuwa yamejaa humo. Yakisafika, funika kila kiungio kipya kwa kipande cha gazeti kavu, ulale. Asubuhi gazeti litakuonyesha unyevu ambao kidole hakiusikii.

Kisha funga koki zote za nyumba, pamoja na ile inayoingia tangini, uende kwenye mita ukiwa na kalamu. Andika namba, ngoja nusu saa bila mtu kutumia maji, isome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali pengine panapovuja, na huenda ndipo bili yako ilipopandia. Kikombe cha mililita 250 kwa kila dakika kumi kinaonekana kidogo, lakini kwa siku ni lita 36, na kwa mwezi kinapita uniti moja nzima, yaani lita 1,000. Ikiwa haijasogea, fungua koki ya tangi.